Makofi Mbele ya Chandikeswara

Vadivu alilisikia jina hilo kwenye simu akiwa na mswaki mdomoni, akatema povu lote bila hata kusukutua. Mpokezi wa hoteli ya karibu na stesheni alikuwa akimweleza habari za wageni kutoka Coimbatore, watu wa maduka ya hariri, wanaotaka kutembezwa kwa miguu kwenye mahekalu ya zamani ya Kumbakonam. Mkubwa wao anaitwa mzee Ekambaram.

"Mwenyewe ni mtu wa hapa hapa," mpokezi akasema. "Lakini amekuja na wakwe zake watarajiwa, wanataka mtu wa kuwasimulia vizuri. Utaweza asubuhi hii, au nimtafute mwingine?"

"Usimtafute mtu mwingine hata ukisikia nimekufa," Vadivu akajibu.

Mpokezi akacheka, akidhani ni utani.

Ekambaram aliyemjua Vadivu alikuwa msimamizi wa hekalu dogo la Shiva katika mtaa wa mafundi shaba, cheo alichorithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu. Baba yake Vadivu, Thillai, alikuwa mwasha taa wa hekalu hilo. Ndiye aliyemimina mafuta, akakata tambi, akakesha na mungu wakati wengine wamekwenda kula. Kisha siku ya kumvisha Ambal, mungu-mke, kwa ajili ya sikukuu, sanduku la mapambo lilifunguliwa na kipini chake cha pua chenye mawe ya thamani hakikuwemo. Ekambaram hakuuliza maswali mengi. Alisimama langoni mtaa mzima ukisikiliza, akamnyooshea Thillai kidole, akasema mikono yenye mafuta ndiyo yenye kuteleza. Polisi hawakupata kitu cha kumshtakia. Mtaa haukuhitaji polisi.

Thillai alipigwa marufuku kuvuka kizingiti. Tangu siku ile alikaa barazani ng'ambo ya barabara, mbele ya duka lililofungwa, na kila jioni taa zilipowashwa na mkono wa mtu mwingine aliinua viganja vyake kutoka kule vumbini. Waliokuwa wakimwamkia walianza kupita upande wa pili. Wale waliokwisha kuja kumposa Vadivu walipotea kama hawajawahi kuijua nyumba ile. Baba alikufa bila kurudi ndani. Ekambaram alihamia Coimbatore, biashara ikamnyookea, akaota kitambi. Vadivu akajifunza kutembeza watalii, akayajua mahekalu yote ya mji, na chuki yake akaitunza vizuri kuliko watu wengine wanavyotunza dhahabu.

Lakini baba alimwachia neno moja. Siku zake za mwisho alisema: kabla ya kile kipini kujulikana kuwa kimepotea, kwa wiki kadhaa, Ekambaram alikuwa akilizunguka hekalu kama kawaida yake, ila akifika kwa Chandikeswara alipita moja kwa moja, mikono mgongoni. "Nilidhani mkono unamuuma," baba alisema. "Nilitaka hata kumpa mafuta ya kuchua."

Chandikeswara ana kibanda chake kando ya kila hekalu la Shiva. Ndiye mtunza mali ya bwana wake. Unapomaliza kuzunguka unasimama mbele yake, unapiga makofi taratibu, unamwonyesha viganja: tazama, sitoki na kitu cha hapa. Mtoto anafundishwa hivyo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Ekambaram aliweza kumwibia mungu na aliweza kumsingizia binadamu mwenzake, ila kumdanganya mtunza mali wa Shiva uso kwa uso, hilo lilimshinda. Kuna watu wa namna hiyo, na mji ule umejaa wao.

Kwa hiyo Vadivu alipovaa sari yake ya pamba ya kijani na kusuka nywele, alikuwa ameshajua atawapitisha njia gani.

Alimkuta Ekambaram kwenye ukumbi wa hoteli, shuka nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, majivu matakatifu paji zima la uso. Mzee hakumtambua. Enzi zile za usimamizi alikuwa akiangalia juu ya vichwa vya watoto wa mwasha taa. Alikuwa na mkewe Visalam, mwanamke mpole wa kutikisa kichwa. Mwanawe Guhan, asiyeachana na simu yake. Msichana aliyechumbiwa, Yazhini. Na mama wa msichana, Maragatham, mjane mwenye kiwanda cha nyuzi na mdomo usiopumzika.

"Wewe ndiye kiongozi wetu?" Maragatham akamtazama juu hadi chini. "Mwembamba hivi? Utafika mwisho wa njia kweli?"

"Mama, mimi nitafika," Vadivu akasema. "Viatu mviache hapa hapa hotelini, vitatupunguzia shughuli. Miguu mitupu, taratibu, mpaka jua likichoma."

Katika hekalu la kwanza, lile kubwa lililoko nyuma ya soko la mboga, Ekambaram hakumpa nafasi ya kusema. Vadivu alipoonyesha nguzo, yeye alieleza nguzo. Alipotaja mfalme aliyeijenga, Ekambaram alimsahihisha mfalme. Vadivu akamwacha aimbe. Hata akamchochea.

"Mzee anajua kuliko mimi," akasema. "Wakwe zako wana bahati."

"Nimezaliwa humu, binti," Ekambaram akasema, akinyoosha mgongo. "Babu yangu alisimamia hekalu la mtaa wetu, na baba, na mimi."

"Tumesikia," Maragatham akasema. "Tangu siku ya posa tunasikia."

Walipofika kwa Chandikeswara, Vadivu alirudi nyuma hatua moja, akasubiri. Ekambaram hakumwangusha. Alimsogeza Maragatham kwa adabu, akainua mikono. "Siyo makofi ya harusini, mzazi mwenzangu. Polepole. Huyu yuko kwenye tafakuri. Unapiga hivi, halafu unafungua viganja, unamwambia sijachukua kitu." Akapiga, akafungua, akatabasamu. Guhan akapiga picha.

"Na mtu akiwa amechukua?" Yazhini akauliza.

"Aa, huyo hathubutu kusimama hapa," Ekambaram akasema. "Mali ya Shiva haimezeki. Inaondoka na ukoo mzima, mjukuu kwa kitukuu." Alisema kwa raha ya mtu anayesimulia habari za kijiji kingine.

Vadivu alilazimika kugeuka na kuangalia popo darini, maana uso wake ungemsaliti.

Hekalu la pili lilikuwa vilevile. Makofi, viganja, picha. Maragatham sasa alikuwa mwanafunzi hodari, akamwonyesha mtalii mmoja wa Kijerumani jinsi ya kupiga. Baada ya hapo wakakaa kwa muuza kahawa, wakapewa kahawa ya maziwa kwenye vikombe vya shaba, na Vadivu akasema kama mtu aliyekumbuka tu: "Limebaki moja dogo, la mtaa wa mafundi shaba. Nadhani ndilo la mzee."

Ekambaram akapuliza kahawa yake kwa muda mrefu.

"Pale hakuna cha kuona," akasema. "Ni popo na harufu ya popo. Twendeni tukanunue majani ya tambuu, jua linapanda."

"Miezi yote unatuimbia hekalu la babu yako," Maragatham akasema, "leo limekuwa la popo? Mimi siondoki mji huu bila kuliona. Nikiulizwa na ndugu zangu nitasema nini, kwamba nimeona tambuu?"

Hapo ndipo Yazhini alipofungua kipochi chake. Alitoa kitambaa chekundu, akakunjua, akatoa kipini cha kizamani, jiwe jekundu katikati na meupe pembeni. "Mama mkwe, nisaidie kukivaa," akamwambia Visalam. "Nilikiweka kwa ajili ya hekalu lenu. Kwa kuwa kilikuwa cha bibi wa nyumba yenu, nataka niingie nacho."

Visalam akamsaidia kwa furaha. Kahawa ya Ekambaram ilimwagika kwenye shuka yake nyeupe.

"Kivue," akasema. "Kitu cha thamani namna hiyo barabarani? Mji huu umejaa wezi."

"Wezi gani tena, na mji ni wako?" Maragatham akasema. "Mlimpa wenyewe siku ya uchumba. Kama mmejuta semeni."

"Nilikikuta kabatini kwako, baba Guhan," Visalam akasema kwa upole. "Wewe ndiye uliyesema cha marehemu bibi. Mtoto kakipenda."

Ekambaram aliinama kuifuta shuka yake. Vadivu alidhani ni ubahili tu, matajiri wa hariri wanajulikana. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye mikono ya mzee yule.

Mtaa wa mafundi shaba unasikika kabla hujauona. Nyundo zinagonga sufuria na mitungi tangu asubuhi, na mgeni huziba masikio. Lakini Ekambaram alipoingia mtaani, nyundo zilianza kunyamaza moja baada ya nyingine. Wazee walitoka wakipangusa mikono. Wengine walimwamkia kwa heshima, wengine walimtazama Vadivu, kisha wakamtazama Ekambaram, kisha wakavaa mashati yao na kufuata nyuma. Vadivu hakuwaita. Hakuwakataza pia. Alipolipita lile baraza la ng'ambo hakuligeukia, alijua angelia na hakutaka kulia kabla ya wakati.

Kuhani Kailasam alikuwa mlangoni mwa patakatifu na sinia lake la taa. Ndiye aliyekuwa akimvisha Ambal tangu ujana wake. Siku ile ya kidole alikuwepo, akajitia hamnazo. Alipomwona Ekambaram akiingia pamoja na binti wa Thillai, alilitua sinia chini.

"Umerudi," akamwambia Ekambaram.

"Nawaonyesha wakwe," Ekambaram akasema. "Tuna haraka kidogo."

Walisali mbele ya Shiva, wakapokea majivu. Walisali mbele ya Ambal, mweusi, mdogo, na tundu tupu la pua lililoachwa hivyo hivyo miaka yote. Kisha Vadivu akawaongoza kuzunguka. Ekambaram alitoa simu yake, akaiweka sikioni, akaanza kusema "ndiyo, ndiyo" na mtu ambaye hakuwepo. Alipita mbele ya kibanda cha Chandikeswara bila kugeuza shingo, mkono mmoja mgongoni.

"Mzee," Vadivu akaita. Sauti yake ilikuwa tamu. "Umemsahau mtunza mali."

"Nipo kwenye simu, binti."

"Tutakusubiri. Makofi hayazidi pumzi moja."

Maragatham aligeuka. Wazee wa mtaa waligeuka. Ekambaram akashusha simu.

"Bega linaniuma," akasema.

"Bega?" Maragatham akasema. "Lile ulilokuwa ukinifundishia makofi mahekalu mawili? Guhan, mwanangu, hebu leta picha za baba yako tumuone alivyokuwa mzima."

Kuna mtu nyuma alicheka, akakatisha. Ekambaram alikuwa amelowa jasho mpaka majivu ya paji yakawa uji. Vadivu alimtazama na ndani mwake kitu kilikuwa kikishiba taratibu. Hata angeishia hapo, alishapata alichokuja kutafuta. Mtaa mzima umemwona hawezi kufungua viganja ndani ya hekalu lake mwenyewe, na mtaa ule haukuhitaji kufafanuliwa.

"Basi mimi nitampigia baba mkwe," Yazhini akasema. Alikuwa msichana mwema na alitaka kumwokoa. Alisogea mbele ya kibanda, akainua mikono. "Mtunza mali wa Shiva, kwa ajili yangu na kwa nyumba ninayoingia, tazama, hatutoki na ki..."

Ekambaram aliruka. Aliikamata mikono ya msichana kabla haijagusana, akaishikilia kwa nguvu hadi bangili zikapasuka. "Usiseme," akasema. "Mtoto, usiseme hivyo hapa. Utaua kizazi changu chote. Usiseme nacho usoni."

Guhan akauliza, "Nacho nini, baba?"

Kuhani Kailasam alikuja kutoka patakatifu akiburuta miguu, akainua sinia mpaka mwanga wa taa ukafika kwenye uso wa Yazhini. Jiwe jekundu likawaka, na meupe, na pale pembeni palipokosa jiwe moja pakabaki peusi. Vadivu alilijua pengo lile. Alikuwa mtoto, amekaa begani kwa baba, baba akimwonyesha: tazama, hata Ambal ana pengo kama lako.

"Nimekiweka hiki kwa vidole hivi kila sikukuu," kuhani akasema. "Ningekijua hata gizani."

Yazhini alikivua mwenyewe, akalia bila sauti. Vadivu alimhurumia kidogo, kisha akaiweka huruma hiyo kando, kwa maana haikuwa siku yake. Maragatham alikichukua kipini kwa ncha ya sari kama mtu anayeokota kitu kilichokufa, akakitia kwenye sinia.

"Nilimleta mwanangu kuolewa," akamwambia Ekambaram. "Sikumleta abebeshwe wizi wako puani. Yazhini, twende."

"Mzazi mwenzangu, nisikilize."

"Mimi si mzazi mwenzako."

Aliondoka na bintiye, na Guhan akawafuata akiita, kisha akasimama katikati ya ua asijue aende wapi. Visalam alikaa chini palepale kwenye jiwe.

"Nilikuwa nimebanwa kifedha wakati ule," Ekambaram akawaambia wazee, na hakuna aliyemuuliza. "Nilitaka kukiuza, kila sonara akawa anakijua. Nikataka kukirudisha, ningesemaje kilitoka wapi? Nilishamtaja mtu."

"Mtu huyo alikuwa na jina," Vadivu akasema.

Ndipo Ekambaram akamwangalia vizuri, kwa mara ya kwanza, na akaona macho ya nani yale.

"Wewe ni wa Thillai," akasema.

"Mimi ni wa Thillai. Rudia jina, wengine hawajasikia."

"Thillai hakuiba." Sauti ilimtoka kavu. "Binti yangu, nisamehe. Nitafanya unalotaka. Usinipeleke polisi, nina umri huu. Nitamjengea baba yako kitu, jiwe la jina lake, hapa hapa ndani."

"Polisi sina haja nao, na jina la baba yangu halitajengwa na mikono yako," Vadivu akasema. "Unaliona lile baraza ng'ambo? Nenda ukakae. Kaa mpaka taa za jioni ziwashwe, halafu inua viganja kutoka kule. Ukifanya hivyo, mguu wangu hautafika kituoni."

Ekambaram aliwatazama wazee wa mtaa, wale wale waliomsikiliza langoni siku ile. Walimpisha njia. Huo ndio uliokuwa msaada wao wote, na Vadivu alijua walikuwa wakijitoa lawamani na wao pia, lakini hilo angelishughulikia siku nyingine. Mzee alivuka barabara kwa miguu mitupu, lami imeshika moto, akakaa vumbini na shuka yake yenye doa la kahawa. Watu walitoka madukani kumtazama. Waliopita kwa baiskeli walipunguza mwendo. Mwanamke mmoja aliyekuwa akija upande ule alimtambua, akavuka akapita upande wa pili.

Vadivu alikaa kwenye kizingiti cha hekalu, alipokuwa akikaa Thillai kabla ya kufukuzwa, akamkodolea macho mchana kutwa. Alifurahi. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Alifurahi kama mtu aliyeshinda na njaa anapoona wali unateremshwa jikoni, na hakuona aibu.

Alasiri kuhani Kailasam alimletea maji. "Inatosha sasa, mwanangu," akanong'ona. "Ni mzee. Jua litamuua."

"Baba yangu alikaa pale mpaka kikamuua kitu kingine," Vadivu akasema. "Ulikuwa ukimwona kila siku kutoka hapa ulipo. Ulimwambia nani kwamba inatosha?"

Kuhani akarudi ndani na maji yake.

Taa ziliwashwa. Ng'ambo ya barabara Ekambaram aliinua viganja, na Vadivu akasubiri moyo wake umwambie basi. Haukumwambia. Visalam na Guhan wakaja kumnyanyua, wakamtia kwenye gari, wakaenda. Inasemekana duka la Coimbatore sasa linaendeshwa na mwana, na mzee hatoki nje.

Ambal amerudishiwa kipini chake. Na matembezi ya Vadivu sasa huishia mtaa wa mafundi shaba siku zote, wawe wageni wa Chennai, wa Delhi au wa Ulaya. Anawaonyesha tundu la pua ambalo si tupu tena, anawaonyesha baraza, anawasimulia kisa kizima, jina la mwizi, jina la baba yake mwizi, mji alikojificha na bidhaa anazouza. Hasahau kitu. Mafundi shaba hupunguza nyundo ili wageni wasikie vizuri.

Kisha anawapeleka kwa Chandikeswara, anawafundisha kupiga makofi taratibu na kufungua viganja. Wote wanapiga. Yeye husimama pembeni, mikono mgongoni. Mara nyingine mgeni mwenye macho makali humuuliza mbona yeye hapigi.

"Bega linaniuma," Vadivu husema.

Maana anajua kuna kitu alitoka nacho humo siku ile, na hana nia ya kukirudisha.